Kuongeza Kumbukumbu Katika Ruta, na Maswali ya Kuuliza Kabla Moduli Haijavuka Maji

Watu wengi wanaonijia hapa Lamu wakitaka niwaongezee kumbukumbu katika ruta zao huwa, kwa kweli, wanataka intaneti iende mbio. Wamekwisha kuona kompyuta kuukuu ikichangamka baada ya kuongezwa RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, wakahitimisha kwamba ruta nayo, kwa kuwa ni kompyuta, itachangamka vivyo hivyo. Hitimisho hilo lina nusu ya ukweli, na ni nusu hiyo inayowapotezea watu fedha, hasa katika kisiwa ambacho kila kipuri kinachoagizwa hulipiwa nauli ya basi hadi Mokowe na kisha ya boti hadi mjini.

Kumbukumbu ya ruta hubeba vitu ambavyo kifaa kinavihitaji wakati kinafanya kazi: mfumo endeshi uliokunjuliwa kutoka katika faili yake, mipangilio inayotumika kwa saa hiyo, jedwali la njia, orodha ya mawasiliano ambayo NAT inayahamisha kati ya anwani za ndani na ile ya nje, na bafa, yaani foleni ambamo paketi, vile vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, hungojea zamu yao. Vitu hivyo vikienea na nafasi ikabaki, nafasi nyingine ya ziada haina kazi ya kufanya. Kasi ya kupitisha paketi hutegemea prosesa, milango na laini ya mtoa huduma. Ruta ya Cisco 1841, ambayo nitaizungumzia zaidi hapa chini, ilikadiriwa na walioitengeneza kuwa hupitisha paketi 75,000 kwa sekunde, na paketi hizo zikiwa ndogo za baiti 64 hiyo ni sawa na megabiti 38 hivi kwa sekunde. Uitie kumbukumbu ya kutosha kufikia kikomo chake au uiache kama ilivyotoka kiwandani, takwimu hiyo haisogei.

Bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Mkomani alinipa mfano mzuri wa jambo hili. Aliniambia, "Mwalimu, nimeambiwa kifaa hichi memori yake ni ndogo. Tukiongeze, wageni wanalalama." Nikamjibu, "Bwana, kwanza tukiulize chenyewe." Kifaa chake kilikuwa MikroTik hEX yenye megabaiti 256, na tulipofungua ukurasa wa hali yake tulikuta zaidi ya nusu ya kumbukumbu iko wazi na prosesa imetulia, ilhali juu ghorofani mgeni alikuwa hawezi kufungua barua pepe. Kilichowasumbua wageni ni nyumba yenyewe. Kisambaza mawimbi kilitundikwa tekani, karibu na mlango, na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita hazina huruma kwa mawimbi ya redio, hasa yale ya gigahezi 5. Tukapandisha kebo hadi msana wa juu, yaani ukumbi mrefu wa ndani, tukaweka kisambaza mawimbi cha pili, na malalamiko yakaisha bila kugusa ruta. Tena, hata kama kumbukumbu ingekuwa ndiyo tatizo, tusingeweza kuiongeza, kwa sababu katika hEX, kama ilivyo katika vifaa vingi vidogo vya nyumbani na vile vinavyogawiwa na kampuni za simu, chipu za kumbukumbu zimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi.

Swali la kwanza kabisa, basi, ni kama ruta ina nafasi ya kuchomekea moduli, yaani kibao kidogo chenye chipu za kumbukumbu. Ruta za Cisco za kizazi cha 1800, 2800 na 2900 zinayo. Baadhi ya MikroTik kubwa zinazo pia, kwa mfano CCR1036-12G-4S, ambayo hutoka kiwandani na gigabaiti 4 na ina nafasi mbili za moduli za aina ya SODIMM, zile zinazotumika katika kompyuta za mapajani. Kompyuta ndogo zilizogeuzwa kuwa ruta kwa kuwekewa mfumo endeshi wa pfSense au OPNsense ndizo rahisi kuliko zote, kwa kuwa moduli zake zinapatikana kwa fundi yeyote wa laptop. Nimependezwa na njia hiyo kwa ofisi ndogo, ingawa huko nako lazima mtu ajue kumbukumbu inakwenda wapi. Kila muunganisho unaofuatiliwa na pfSense hula takriban kilobaiti moja, kwa hiyo miunganisho laki moja ni megabaiti mia moja tu, na ofisi yenye watu ishirini haifiki huko. Kinachokula gigabaiti nzima ni programu za kukagua paketi kama Suricata, na asiyezitumia hana sababu ya kununua kumbukumbu ya ziada.

Sasa nije kwenye ruta iliyostahili kuongezewa. Darasa la kompyuta ninalolisaidia huko Langoni lina Cisco 1841 iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Ni kifaa cha zamani, na Cisco yenyewe ilikwisha kuacha kukihudumia, kwa hiyo hakipati tena marekebisho ya usalama, na sikubali kikae uso kwa uso na intaneti. Kiko nyuma ya kifaa kingine kinachopokea laini ya mtoa huduma, na kazi yake ni kugawa mtandao wa darasa na kuwafundishia vijana. Kwa kufundishia, sijaona kifaa cha bei hiyo kinachokishinda, kwani kijana aliyezoea mstari wa amri wa ruta hiyo hatababaika akiketi mbele ya ruta kubwa ya benki. Tatizo lilianza tulipotaka kuendesha toleo jipya zaidi la mfumo endeshi, la nasaba ya 15, ili tufundishe IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaofuata ule wa IPv4, na kuta za kinga za kisasa kidogo. Wakati uo huo rejista ya matukio ilianza kuonyesha ujumbe wa %SYS-2-MALLOCFAIL, ambao maana yake ni kwamba mchakato fulani umeomba kipande cha kumbukumbu ukakosa.

Amri ya kwanza katika hali kama hiyo ni show version. Katika mistari yake ya mwisho hutokea maneno yanayosema kifaa kina 114688K/16384K bytes of memory, na wengi husoma nambari ya kwanza tu wakaduwaa kuona megabaiti 112, ambazo haziuzwi popote. Nambari mbili hizo hujumlishwa. Ya kwanza ni fungu la prosesa, ya pili ni fungu lililotengwa kwa ajili ya paketi zinazoingia na kutoka, na jumla yake, 131,072, ukiigawa kwa 1,024 unapata 128 kamili. Hiyo ndiyo kumbukumbu iliyokuwamo. Kikomo cha 1841 ni megabaiti 384: zile 128 zilizo kwenye bodi, na moduli moja isiyozidi 256.

Lakini kujua ukubwa wa ghala hakukuelezi ni nini kilichojaa ndani yake. Ujumbe wa MALLOCFAIL unaweza kuletwa na mambo matatu tofauti, na moja tu kati ya hayo ndilo linalotibiwa kwa moduli mpya. Huenda mzigo wa kweli umeizidi kumbukumbu. Huenda kuna uvujaji, yaani mchakato wenye kasoro unaochukua kumbukumbu bila kuirudisha. Na huenda kumbukumbu iliyobaki ni nyingi kwa jumla lakini imekatikakatika vipande vidogo, hata pasiwe na kipande kimoja kinachotosha ombi. Amri ya show memory statistics hutoa safu za jumla, iliyotumika, iliyo wazi, kiwango cha chini kabisa kilichowahi kufikiwa, na kipande kikubwa kabisa kilicho wazi. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo inayotoboa siri ya kukatikakatika: ukiona iliyo wazi ni megabaiti kadhaa na kipande kikubwa ni kilobaiti chache, umeshapata jibu lako, na dawa ya haraka ni kuizima ruta na kuiwasha tena wakati unatafuta chanzo.

Uvujaji hugunduliwa kwa subira. Niliwapa vijana wawili kazi ya kuandika kiasi cha kumbukumbu iliyo wazi kila siku saa ile ile, kabla ya darasa na baada ya darasa. Kiasi kikishuka mchana watu wakiwa wengi na kurudi usiku, huo ni mzigo. Kikishuka siku hadi siku bila kurudi, hata Ijumaa ambapo darasa limefungwa, huo ni uvujaji, na mtu akiongeza moduli atakuwa amejinunulia wiki chache kabla kifaa hakijaanguka tena. Hapo ndipo show processes memory sorted inapofaa, kwa sababu hupanga michakato kuanzia ule ulioshika kumbukumbu nyingi kuliko yote, na mchakato unaonenepa kila siku huonekana bila kificho. Tiba yake ni toleo la mfumo endeshi lisilo na kasoro hiyo.

Kwetu ilikuwa mzigo, ingawa si ule nilioushuku kwanza. Nilidhani NAT ndiyo mlaji, kwa kuwa simu za vijana hufungua miunganisho mingi kwa mkupuo, lakini hesabu ilikataa. Katika mfumo wa Cisco kila tafsiri ya NAT hutumia takriban baiti 312, kwa hiyo hata tafsiri 10,000, ambazo darasa letu halizifikii hata kwa mbali, ni megabaiti tatu hivi. Mlaji mkuu alikuwa mfumo endeshi wenyewe. Majina ya faili zake katika ruta hii huwa na herufi mz katikati: m huashiria kwamba mfumo huendeshwa kutoka katika RAM, na z kwamba faili imebanwa. Ruta inapowaka huikunjua faili hiyo yote ndani ya kumbukumbu, na faili iliyoonekana ndogo kwenye kadi ya kuhifadhia inakuwa kubwa zaidi. Matoleo yenye huduma nyingi ya nasaba ya 15 yalikuwa makubwa mno kwa megabaiti 128, na hata toleo la zamani tulilokuwa nalo, pamoja na huduma tulizoziwasha, liliacha nafasi finyu. Hapo nikaridhika kwamba moduli itafaa.

Nisitoke hapa kabla ya kutaja kwamba neno kumbukumbu katika ruta kubwa lina maana zaidi ya moja. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la njia la intaneti nzima lilipita njia 512,000, na sehemu mbalimbali za dunia zikakosa huduma au zikapata huduma ya kusuasua. Ruta zilizoelemewa, zikiwemo Cisco za familia ya 6500 na 7600, hazikuwa zimeishiwa na RAM. Zilikuwa zimejaza TCAM, kumbukumbu maalumu iliyomo ndani ya chipu ambayo hutafuta anwani katika jedwali lote kwa pigo moja, nayo kwa mpangilio wa kiwandani ilitengewa IPv4 kiasi hicho cha njia. Mhandisi aliyekimbilia dukani kununua moduli siku ile asingesaidika. Wengi walibadilisha mgawo wa TCAM kati ya IPv4 na IPv6, wakaiwasha ruta upya, kazi ikaendelea. Leo hesabu ya njia hizo iko karibu na milioni moja, na 1841 yetu haiwezi kulibeba jedwali zima hata ikijazwa kumbukumbu hadi kikomo. Haihitaji, maana ina njia moja tu ya kutokea.

Kuhusu kuagiza, aliye Nairobi akikosea aina ya moduli huirudisha dukani Luthuli Avenue kabla ya adhuhuri. Sisi huirudisha kwa boti, kisha kwa basi, kisha tukangoja muuzaji akubali kosa ni la nani. Kwa hiyo sifa zote za moduli ziandikwe kabla ya kupiga simu. Vizazi vya kumbukumbu haviingiliani: SDRAM ya zamani hutumia volti 3.3, DDR hutumia 2.5, DDR2 hutumia 1.8, DDR3 hutumia 1.5 na DDR4 hutumia 1.2, na pengo lililokatwa kwenye ukingo wa moduli huwekwa mahali tofauti ili ya kizazi kimoja isiingie katika nafasi ya kingine. Moduli inayokataa kuingia haihitaji nguvu zaidi. Kisha kuna suala la kusahihisha makosa: baadhi ya ruta, kama 2811, hutumia moduli za ECC, zinazosahihisha makosa zenyewe, ilhali 1841 hujieleza katika show version kwamba parity, yaani biti ya ziada ya kukagua makosa, imezimwa. Moduli yenye ukubwa ule ule na kizazi kile kile bado inaweza kukataliwa kwa sababu ya mpangilio wa chipu zake. Mimi humwambia muuzaji jina la ruta na namba ya kipuri inayotolewa na Cisco, hapa MEM1841-256D, na kumwomba picha ya lebo kabla ya kulipa. Moduli za kampuni nyingine zinazotajwa kuwa zinakubaliana na namba hiyo hufanya kazi vizuri kwa bei nafuu zaidi, na sioni haja ya kulipia jina.

Hewa yetu nayo ina neno katika jambo hili. Chumvi inayobebwa na upepo wa kusi huingia katika kila tundu la kupitishia hewa, na nimewahi kufungua vifaa vilivyokaa madirishani upande wa bahari nikakuta miguu ya vipuri imeota ukoko wa kijani. Moduli iliyochomekwa miaka mingi inaweza kuleta makosa ya kumbukumbu kwa sababu ya uchafu tu, na kuitoa, kuisafisha na kuirudisha kukamaliza tatizo bila gharama. Mafundi wengi husugua meno ya dhahabu ya moduli kwa kifutio cha penseli. Naona ni desturi mbaya, kwa sababu kifutio hukwangua ule utando mwembamba wa dhahabu ambao ndio unaozuia kutu, na meno hayo yataharibika upesi zaidi kuliko yangeachwa. Kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili isiyo na maji mengi hutosha. Unyevu wa hapa hupunguza umeme tuli kuliko katika miji ya bara, lakini haumalizi, kwa hiyo ukanda wa mkononi uliofungwa kwenye chuma cha kifaa unabaki kuwa lazima, hasa katika chumba chenye kiyoyozi.

Kazi yenyewe ni fupi kuliko maandalizi yake. Tuliifanya asubuhi mapema, kabla vijana hawajafika. Mipangilio inayotumika wakati huo hukaa katika RAM na hupotea umeme ukikatika, kwa hiyo tuliihifadhi kwa copy running-config startup-config, na nakala nyingine tukaitoa nje kwenye kompyuta. Mipangilio iliyohifadhiwa hukaa katika NVRAM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, ambayo ni kitu kingine kabisa, na kubadilisha moduli hakuifuti. Nalisema hili kwa sababu hofu hiyo huwazuia watu wengi. Kebo ya konsoli, inayounganisha kompyuta na ruta moja kwa moja bila kupitia mtandao, iliunganishwa tangu mwanzo, kasi ikiwa 9600, biti 8, bila parity na biti moja ya kikomo, kwani ruta isiyowaka vizuri haisemi na mtu kupitia mtandao. Kisha swichi ikazimwa na waya wa umeme ukatolewa, si mojawapo tu. Moduli fupi za aina ya SODIMM huingia kwa mshazari kisha hulazwa hadi vibanio vya pembeni vifunge. Zile ndefu za DIMM husimama wima na hukandamizwa ncha zote mbili kwa pamoja. Kwa zote mbili, meno yakionekana nje zaidi upande mmoja kuliko mwingine, moduli haijakaa.

Ruta ilipowashwa, mstari uliotokea kabla hata ya mfumo kukunjuliwa ulitaja kilobaiti 393,216 za kumbukumbu kuu, ambazo ni megabaiti 384. Kama skrini ingebaki tupu au ikatoa herufi zisizosomeka, hatua ya kwanza ingekuwa kuzima na kuichomeka moduli upya, na ya pili kuiondoa ili kuona kama ruta inawaka kwa zile 128 za kwenye bodi. Show version baadaye ilionyesha 352256K/40960K, na utaona kwamba fungu la paketi nalo limekua pamoja na fungu la prosesa.

Mfuatano wa kazi baada ya hapo una umuhimu wake. Moduli hutangulia, mfumo endeshi mpya hufuata. Anayegeuza mambo hayo huipa ruta faili isiyoenea katika kumbukumbu, nayo hushindwa kuikunjua na kurudi katika ROMMON, programu ndogo ya kuwashia na ya dharura, ambako kuna kazi nyingine ndefu. Kadi ya CompactFlash nayo ina kikomo chake. 1841 hukubali hadi megabaiti 128, na yetu ilikuwa ya 64, kwa hiyo tuliibadilisha, kwa kuwa sipendi kufuta mfumo wa zamani kabla mpya haujathibitika. Kadi hizo hutumia mpangilio wa FAT, na kisoma kadi kwenye kompyuta hunakili faili kwa wepesi kuliko TFTP, njia ya kuhamisha faili kupitia mtandao. Baada ya kuirudisha kadi tuliendesha verify /md5, amri inayokokotoa namba ya kuthibitisha kuwa faili haijaharibika, na kulinganisha matokeo na ile namba iliyotolewa pamoja na faili.

Mwisho tuliandika mistari miwili ya boot system katika mipangilio, wa kwanza ukitaja toleo jipya na wa pili toleo la zamani, ili faili ya kwanza ikiharibika au ikikosekana ruta iende kwenye ya pili bila mtu kuitwa usiku. Vijana wale wawili bado wanaandika kumbukumbu iliyo wazi kabla na baada ya darasa, na hadi sasa kiasi hupungua masomo yakianza na kurudi pale pale milango ikifungwa.